Bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" sio sheria: majibu ya meseji zenu

Meseji za wiki hii karibu zote ni hadithi moja, mtu kanunua kitu, kimezingua, muuzaji kamruka. Nimechukua chache, na zingine nimezijibu kwa ufupi kwa sababu nimeshazijibu humu mara nyingi mno.

*Dada, nimenunua friji jipya Kariakoo, siku ya tisa likaacha kugandisha, linawaka taa tu. Nimerudi dukani wananionyesha bango ukutani, mali ikiuzwa hairudishwi. Ndo basi tena?*

Sio basi. Bango ni karatasi na gundi, halina uwezo wa kufuta sheria. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuna na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na mfanyabiashara anayekuuzia kitu anawajibika kiwe kizima na kifanye kazi yake. Kazi ya friji ni kugandisha, sio kuwaka taa. FCC, yaani Tume ya Ushindani, wameshawakemea sana wafanyabiashara kwa hayo mabango na yale maneno ya chini ya risiti, lakini wanaendelea kuyabandika kwa sababu wanajua wengi wetu tukiyasoma tunageuza njia tunarudi nyumbani.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, usisubiri wiki ijayo. Waandikie muuzaji kwa WhatsApp, tarehe uliyonunua, kasoro yenyewe, na unachotaka, kwamba wabadilishe au warudishe hela. Nasisitiza leo kwa sababu ukikaa na mali muda mrefu kimya inahesabika umeipokea ilivyo, na hapo haki ya kuirudisha inapotea unabaki na kudai fidia, ambayo ni safari ndefu. Halafu usiite fundi wa mtaani. Akishafungua skrubu moja tu wataandika "imeguswa" na huna tena pa kusimamia. Usiku weka glasi ya maji kwenye friza, asubuhi chukua video fungua mlango inamisha glasi maji yamwagike, hiyo inaongea kuliko maneno yako yote. Piga picha na kile kibandiko cha nyuma chenye serial namba.

Watakwambia ni umeme umeunguza, wanasema hivyo kila siku. Waambie sawa, fundi wenu alikague aandike na kusaini. Wakigoma nenda FCC na hizo picha na risiti, na ikishindikana kabisa madai ya namna hii mahakama ya mwanzo unaenda kufungua mwenyewe.

*Muuzaji anasema kasoro ni ya kiwandani, nikamtafute agenti wa kampuni. Je ni kweli?*

Hapana. Hela ulimpa nani? Huyo huyo ndo wa kukujibu, mambo yake na agenti wamalizane wenyewe.

*Nimenunua viatu, kufika nyumbani nimeona rangi haijanipendeza, wamekataa kubadilisha. Haki yangu iko wapi?*

Hapo huna, mama. Tunazungumzia kasoro, sio kubadili mawazo. Ila kama ulinunua Instagram kwa picha ya viatu vyeusi vya ngozi ukaletewa vya plastiki, hiyo ni kesi nyingine, mali lazima ifanane na ilivyoelezwa. Kwa hiyo lile tangazo lipige skrinishoti kabla hujalipa maana wakishakuona msumbufu wanafuta posti na kukublock.

*Nimeuziwa simu nikaambiwa original kumbe feki.*

Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016 na mpaka leo mtu analipa laki tatu bila kubonyeza *#06#! Bonyeza, chukua hiyo namba ya IMEI, itume kwa meseji kwenda 15090, soma jibu linasema ni simu gani, ndo utoe hela. Ni dakika moja, ukiwa bado umesimama kaunta. Wewe uliyeshauziwa, kumwambia mteja original ukampa feki ni udanganyifu, na bidhaa bandia ni kazi ya FCC, peleka huko.

*Dukani wameniambia bila risiti 420,000, na risiti 480,000. Nichukue ipi?*

Ya risiti, na nitalisema hili mpaka mnichoke. Mwaka juzi nilichukua pasi na blenda duka moja "bila risiti", nikaona nimeokoa. Blenda ikaanza kutoa moshi wiki ya pili, narudi, kijana yule yule aliyenifungia boksi ananitazama usoni ananiuliza una uhakika ulinunua hapa? Nilisimama pale na blenda mkononi sina jibu. Ile elfu sitini unayopunguziwa ndo bei ya haki yako, umeiuza mwenyewe. Na usikubali risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa elfu hamsini wakati umelipa laki nne, siku ya kurudishiwa utapewa hiyo hamsini. Kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa. Uliyekwisha kununua bila risiti, tafuta meseji ya muamala wa simu au lipa namba, nayo ni ushahidi.

*Mtungi wa gesi wa kilo 6 zamani nilikaa nao mwezi, sasa wiki mbili umeisha. Wanatupunja?*

Inawezekana, pima. Mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, jumlisha sita. Ukiandikwa 7.2 mizani isome 13.2. EWURA, wanaosimamia nishati na maji, wanataka kila muuza gesi awe na mizani, asiyekuwa nayo muache. Ukikuta umepungua, Wakala wa Vipimo.

*Extension niliyonunua mwezi uliopita imeyeyuka usiku, ikaunguza pazia, watoto walikuwa wamelala chumba hicho. Nimeitupa, naweza kudai?*

Pole sana kaka, tunashukuru watoto wako salama. Kama gari la taka halijapita kaitafute sasa hivi. Hiyo extension ndo ushahidi wako, na TBS, yaani Shirika la Viwango, wakiipata wanaweza kufuatilia zilizobaki madukani kabla hazijaunguza nyumba ya mwingine. Ifunge kwenye mfuko ilivyo, usiikate usiisafishe, pazia pia litunze, piga picha ukuta ulivyoungua. Unadai extension, pazia, na hasara yote iliyotokana nayo. Na kama ulinunua mbili, ile nyingine ichomoe ukutani ukimaliza tu kusoma hapa.