Kuigiza maisha ya jaji: usianzie alipozaliwa

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Mjomba wako jaji mstaafu, yupo hapo Mbeya, kakupa madaftari yake, unataka utoe igizo kwanza halafu baadae filamu, na unauliza uanze alipozaliwa Makete mpaka anastaafu au uchague. Chagua. Nakwambia kwa sababu mimi na kikundi chetu hapa Iringa tulianza vibaya na maisha ya mama mmoja aliyekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka ya 80, na simtaji jina, utaelewa huko chini kwanini.

Tulianza na kuzaliwa. Tukaweka kuchunga ng'ombe kwenye baridi ya mwezi wa saba, shule pekupeku, chuo, kuapishwa, uhamisho mara nne, ndoa, kustaafu. Masaa mawili na nusu. Watu wa Kihesa walivumilia mpaka kwenye uhamisho wa pili hivi, halafu viti vya nyuma vikaanza kusogezwa mmoja mmoja anatoka. Mama mwenyewe alikaa mbele kajifunika kitenge, mwisho akatupa mkono akasema asanteni wanangu, basi. Iliniuma sana maana nilijua hatujamgusa.

Shida niliiona baadae: mambo mazito hayamtokei jaji, yanawatokea watu waliosimama mbele yake, yeye kazi yake kusikiliza na kuamua. Ukimfuata tarehe kwa tarehe unapata barua ya maombi ya kazi. Angalia Wamarekani walivyofanya kwa Thurgood Marshall, aliyekuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu kule mwaka 1967, huyuhuyu aliyewasaidia Wakenya kuandaa hati yao ya haki mwaka 1960. Stejini, Broadway kule New York 2008, mwigizaji Laurence Fishburne alisimama peke yake akasimulia maisha yote, na ikakubali, sababu steji inabeba mzee anayesimulia kama bibi zetu walivyobeba hadithi jikoni. Ila filamu ya 2017 ilichukua kesi moja tu ya 1941, akiwa wakili kijana. Ya Ruth Bader Ginsburg, naye jaji wa mahakama hiyohiyo, ya 2018 ndo inakuhusu kabisa, iliandikwa na mpwa wao, Daniel Stiepleman. Wazo alilipata msibani kwa mjomba wake Martin, mume wa Ginsburg, mwaka 2010, pale ilipotajwa kesi moja ambayo mke na mume waliisimamia pamoja. Na ilikuwa kesi ya kodi! Mwanaume kanyimwa nafuu ya kodi kwa gharama za kumtunza mama yake kwa kuwa hakuwahi kuoa. Kwahiyo mdau aliyekushauri utafute kesi kubwa kama ya Mwamwindi aliyempiga risasi mkuu wa mkoa Dkt. Klerruu kule Isimani Krismasi ya 1971, mimi sikubaliani nae, kama mjomba hakuikalia achana nayo.

Nikarudi kwa yule mama hakimu, nikaacha kumuuliza miaka. Nikamwambia, mama, kuna hukumu gani ukilala bado inakujia? Akanyamaza, akaenda kuepua chungu, akarudi, ndo akanieleza ya mjane.

Mahakama ya mwanzo wakati ule hakimu hakai peke yake, anakaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na wakitofautiana kura zinahesabiwa, wengi wape. Yeye binti wa miaka 27, wazee wote wawili umri wa baba yake. Mjane anadai shamba alilolima na marehemu miaka 19, shemeji anasema mila, na kweli zile kanuni za mila zilizotangazwa na serikali 1963 zinasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Mama akataka ampe. Wazee wakakataa. Wawili kwa mmoja. Na hukumu anaisoma nani? Yeye, kwa sauti yake, na mjane anamwangalia yeye, wazee hata hawaangalii.

Stejini hapo tuliweka viti vitatu tu na kimya kirefu, watu wakaanza kupiga kelele mpeni mama wa watu shamba lake. Kwenye kamera kimya kile kilikufa, ikabidi tutafute kingine, tukapata kalamu. Hakimu anaandika kwa mkono kila shahidi anachosema, anamwambia taratibu, naandika, kwahiyo mtu anamwaga uchungu wake vipandevipande. Stejini ilichosha, ila kamera ikikaa kwenye kidole na kalamu imesimama katikati ya neno, aise. Kwa mjomba wako itakuwa kali zaidi, maana Mahakama Kuu kabla ya sheria kubadilishwa 2021 shahidi aliongea Kiswahili na jaji akaandika Kiingereza. Muulize kuna neno gani lilimshinda kutafsiri. Na mvua! Ikipiga kwenye bati kesi inasimama, mjane na shemeji wamekaa benchi moja wanasubiri iishe, hawaongei.

Sasa tulipokosea vibaya. Majina tulibadilisha, mto na kijiji tukaacha. Wajukuu wa shemeji wakaja, wamekasirika, mmemfanya babu yetu mwizi. Walikuwa na haki. Tulikaa nao siku nzima ndo tukajua yule mzee alisomesha watoto wa marehemu wote kwa mahindi ya shamba lilelile. Tungeenda kuwauliza mapema tusingemwandika vile. Tuliandika upya, tukahamisha kijiji, na hilo la kusomesha watoto tukaliweka ndani. Kwahiyo nenda kwa walioshindwa kesi pia. Kibali usisahau, sheria ya 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza inataka skripti ipite kwanza ndo ushuti.

La mwisho, mjomba aone kazi kabla ya watu. Dada aliyeigiza hakimu alidondosha chozi wakati anasaini hukumu, sote tukaipenda ile shoti. Mama akaiangalia kwenye simu yangu akasema, mimi sikulia. Nilisaini nikaita kesi inayofuata, ilikuwa ya kuku. Ginsburg nae alilalamika hivyohivyo, kwenye filamu anaonyeshwa anakwama anapoanza kuongea mbele ya majaji, akasema yeye hakukwama. Kule waliiacha hivyohivyo. Sisi tulirudi Ifunda kwenye lile jengo tuliloazima tukashuti upya: anasaini, anaita kesi ya kuku, wenye kuku wanasogea mbele, na mjane bado amekaa kwenye benchi.