Swali la lugha: "Uvimbe" unaozuia uvimbe

Msomaji wetu wa Morogoro anatafsiri makala ya kitabibu, naye anauliza kama ni sahihi kuandika: "Dawa za kuzuia uvimbe huzuia uvimbe wa utumbo katika panya."

Kisarufi sentensi hiyo inapita, lakini asiye tabibu atadhani jambo moja limesemwa mara mbili. Neno "uvimbe", lililotokana na kitenzi "vimba", hutumika kwa mwili unaovimba, kuwa mwekundu na kuuma kwa sababu ya jeraha au maradhi, na hutumika vilevile kwa nyama inayoota mahali isipopaswa kuota. Katika mazungumzo muktadha hutenganisha maana hizo. Katika tafiti kama hizo anazotafsiri msomaji wetu, ambazo hoja yake yote ni uhusiano kati ya hali hizo mbili, jina moja huifuta hoja.

Kwa hali ya kwanza ningeandika "mchochota", neno ambalo baadhi ya waandishi wa tiba wamekwisha kulizoea. Uongeze pia "zisizo za steroidi", kwa maana prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, nayo hutuliza mchochota, ilhali makala kama hizo huzungumzia dawa za jamii ya aspirini, ibuprofeni na sulindaki. Kwa hali ya pili "vinyama" linafaa zaidi, kwa sababu watafiti huvihesabu kimoja kimoja, na "uvimbe" haukubali kuhesabiwa kwa urahisi. Usikimbilie "saratani": panya wanaotumika sana, wenye hitilafu katika jeni ya Apc, huota vinyama vingi hasa kwenye utumbo mwembamba, na kwa kawaida vinyama hivyo bado havijafikia kuwa saratani.

Kitenzi "huzuia" nacho kinaahidi mno. Mwaka 1996 watafiti walipoiondoa kwa panya wa aina hiyo jeni inayotengeneza COX-2, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyozuiwa na dawa hizi, vinyama vilipungua sana idadi na ukubwa, lakini havikutoweka. Kinachozuiwa, basi, ni kimeng'enya, vinyama hupunguzwa.

"Katika panya" nako ni mazoea tu ya kutafsiri Kiingereza neno kwa neno (ingawa, kusema kweli, vinyama vimo ndani yake). Ningeandika hivi: "Dawa za kutuliza mchochota zisizo za steroidi hupunguza idadi ya vinyama vinavyoota kwenye utumbo wa panya wenye hitilafu ya jeni ya Apc."