Safari na Shangazi: Siku mbili Moshi kwa gari dogo

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mke wangu tunaishi Babati na tuna watoto wawili, mmoja yuko darasa la tano na mwingine la pili. Tunataka kutoka Ijumaa kwa IST yetu na kurudi Jumapili jioni. Nilipanga tulale Arusha, Jumamosi twende Ngorongoro, Jumapili tufike Moshi kuuona mlima. Mke wangu anasema nitawachosha watoto, tena Moshi ni mji mdogo, nusu saa umeshaumaliza. Je, gari dogo litapanda huko milimani? Na kwa hela ya kawaida tutembelee wapi?*
*Baba wa Wawili, Babati*

Marahaba, mwanangu. Kuhusu kuwachosha watoto, mkeo amesema kweli. Ngorongoro mnaiendea kwa kukata pale Makuyuni, mnapita Mto wa Mbu na Karatu, wala hamna haja ya kufika Arusha. Itengeeni siku zake. Safari hii ipeni Moshi, na Arusha mpite tu.

Kuhusu udogo wa Moshi, hapo simkubalii. Mtu akiutazama mji kuanzia stendi hadi mnara wa saa, kweli nusu saa inamtosha. Lakini mji huu umejengwa na reli na kahawa, na kahawa inatoka mlimani. Usipopanda kidogo huko juu, hujauona mji. Mimi nimezaliwa Marangu na nimelea wanangu Majengo, hapo chini mjini, na ninawaomba sana wageni wasiutenganishe mlima na mji wake.

Ijumaa tokeni Babati saa saba mchana, msisubiri jioni. Kati ya Minjingu na Makuyuni ng'ombe huvuka barabara wakati wowote, na wanyama wa porini pia, kwa hiyo pasiwakutie giza. Mkikaribia Arusha shikeni barabara ya mchepuo mtokee Usa River, mtaepuka foleni ya mjini. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, na vijiji ni vingi. Kwenye alama ya 50, nendeni 50. Askari wa tochi wapo, na watoto wanaovuka wapo wengi kuliko askari.

Jumamosi waamsheni watoto saa kumi na mbili asubuhi. Kibo, kilele kirefu cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, hujionyesha alfajiri, na mara nyingi ikifika saa tatu au saa nne mawingu yameshaifunika. Pembeni yake, upande wa mashariki, kuna Mawenzi yenye meno meno. Wageni wengi huamka saa mbili, wanakunywa chai taratibu, kisha wanalalamika kwamba mlima haupo. Baada ya hapo wapeni mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Tafuteni mgahawa wenye foleni ya wafanyakazi wa asubuhi, huko ndiko unakouzwa wa moto.

Mjini piteni stesheni ya reli. Wajerumani waliifikisha reli ya kutoka Tanga hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha wasimulieni watoto habari za KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933. Kabla yake, mwaka 1925, wakulima wa Kichagga walikuwa wameshaanzisha chama chao ili wauze kahawa yao wenyewe, wakati walowezi hawakufurahia kumwona Mwafrika akilima zao hilo. Ada za shule, mabati ya nyumba na zahanati nyingi za huku vilitokana na kahawa hiyo. Mtoto wa darasa la tano anaelewa jambo hilo vizuri akiambiwa polepole.

Saa nne mkiwa barabarani mnapita Kiboriloni hadi Himo, mnakata kushoto kupanda Marangu. Ni lami mpaka kwenye lango la hifadhi, IST inapanda bila shida. Kazi iko kwenye kushuka: weka gia ndogo, usiikanyage breki mfululizo, itapata moto.

Marangu Mtoni simameni mwende maporomoko ya Kinukamori kwa miguu. Juu yake kuna sanamu ya msichana na chui, na kijana atakayewatembeza atawasimulia kisa chake. Mwacheni akisimulie mwenyewe. Ulizeni pia mahandaki ambayo Wachagga walichimba kujificha wakati wa vita vyao na Wamasai. Watoto watayapenda kuliko maporomoko. Langoni mnaweza kufika na kugeuza. Mkitaka kuingia hifadhini, beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu Mtanzania hulipa kiingilio cha Mtanzania kwa shilingi. Hapo waambieni watoto kwamba mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni, na kwamba kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa huku kama aliyemwongoza.

Jambo ninalotaka mlikazie macho, hata mkiacha mengine yote, ni kihamba. Mtaona kijani kibichi pande zote mbili za barabara mkadhani ni msitu. Ni nyumba za watu. Juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi. Ng'ombe na mbuzi hulishwa zizini, samadi inarudi shambani. Maji yanafika kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka mito ya juu, na kila ukoo unajua zamu yake. Masale, mimea ya majani marefu mnayoiona mpakani, msiwaruhusu watoto kuyachuma. Kwetu mtu aliyekosa hupeleka jani la sale kuomba msamaha, nalo halikataliwi hivi hivi.

Na humo kihambani ndimo tunamozikia. Babu yangu amelala hatua chache tu kutoka jikoni kwa mama. Kwa hiyo mgeni anayeingia na simu mkononi, akipiga picha migomba bila hodi, anatuumiza. Simameni njiani, amkieni, semeni mnatoka Babati na watoto wanataka kuona kahawa inavyoota. Mtakaribishwa, na pengine mtaondoka na mkungu. Mkija kati ya Julai na Desemba mtakuta buni nyekundu na watu wakivuna. Mkikaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, mke wako aionje. Wewe unaendesha, omba maji.

Watu watawasifia Materuni, upande wa Uru, na wana haki, maporomoko yake ni makubwa sana. Kama mvua imenyesha, njia huteleza, na kwa gari lenu nisingeijaribu. Chukueni gari la wenyeji au muache.

Jumapili, baada ya ibada au chai, rudini hadi Boma Ng'ombe mkate kushoto kwenda chemchemi za Kikuletwa, wengi wanaziita Chemka. Mwisho wa njia ni vumbi, fungeni vioo. Msitegemee maji ya moto. Ni vuguvugu, meupe mpaka unaona mizizi ya miti chini, na samaki wadogo watawadonoa watoto miguuni. Maji hayo pia ni ya mlima, yamepita chini ya ardhi. Kuna kina kirefu, kwa hiyo wavalisheni watoto maboya na mzazi mmoja asitoke majini. Saa saba muwe mmeshaanza safari ya kurudi Babati.

*Shangazi, mimi ni mwanafunzi Arusha, sina gari. Jumamosi moja ninaweza kwenda wapi nje ya mji nikarudi jioni?*
*Msomaji, Arusha*

Mwanangu, panda haisi za barabara ya Moshi ushuke Tengeru. Asubuhi nenda Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, unaweza kulizunguka kwa miguu. Lipa kiingilio na umchukue mwongozaji, anajua ndege wote kwa majina. Kisha ulizia makaburi ya Wapolandi. Walikuwa wakimbizi wa Vita vya Pili, waliohamishwa kwa nguvu kwenda Urusi, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaishi kambini hapo Tengeru. Wengine hawakuondoka tena. Malizia sokoni, Jumamosi ni siku ya soko na ndizi, parachichi na mboga za Meru ni bei ya shambani. Nunua mapema, ifikapo saa kumi na moja haisi za kurudi mjini zimejaa mizigo.