Haki Ilikuwa Yangu, na Bado Nilitangulia Kubisha Hodi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe mrefu. Anashona sare za shule kwa ubia na rafiki yake wa tangu sekondari. Rafiki huyo alikwenda kwa mteja peke yake, akachukua oda kwa jina lake, na sasa hawasemeshani. Cherehani zimegawanywa, mafundi hawajui wamsikilize nani. Mwisho wa ujumbe akauliza: "Kama kosa si langu, kwa nini niende mimi?"

Dada yangu, swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Jibu fupi ni nenda. Jibu refu linaanzia jikoni kwangu.

Kwa wageni: mimi ni Mhindi wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Kisutu, mtaa ambao ukitoka hekalu moja unaingia jingine kabla hujamaliza kuvaa viatu. Bibi mzaa baba aliletwa kwa meli kuja kuolewa, akitokea Porbandar, pwani ya Gujarat. Kazi yangu ni vitafunwa: ladu, yaani vidonge vitamu vya unga wa dengu, chevda, ule mchanganyiko mkavu wa kukaanga, kachori, bajia za shughuli. Wengi wenu mna biashara, na msio nayo mnaitafuta, kwa hiyo habari za mtaji, leseni na kukesha siwapi. Mnazijua.

Tulianza mimi na wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Yeye ana ulimi mtamu na wateja, mimi nina mkono wa karai. Ladu zetu zilikuwa za Bibi: unga wa dengu unakaangwa kwa samli, moto mdogo, hakuna kuuacha hata kupokea simu, sukari haitiwi mpaka unga upoe, iliki inasagwa siku ileile. Bibi alinifundisha mimi. Wifi wakati huo hata hajaingia kwenye ukoo wetu.

Msimu mmoja wa Diwali, sikukuu yetu ya taa, akaja mwandishi wa gazeti. Mimi nilikuwa sokoni. Gazeti likatoka na picha ya wifi kashika sinia, anatabasamu, na chini yake maelezo kwamba mapishi yale ameyabuni mwenyewe. Ameyabuni! Mimi sikutajwa hata kama msaidizi.

Nilimuuliza. Akanijibu mbele ya wafanyakazi wetu, "Kwani jina linalipa kodi?"

Nikafungua aproni, nikaiweka juu ya meza, nikaondoka. Yeye akabaki na wateja, mimi na masufuria. Mama akawa anatuandalia sikukuu kwa zamu, wao mchana, sisi usiku, na chakula cha usiku kilikuwa kiporo cha mchana. Hilo nalo nililiandika moyoni.

Kilichonitikisa hakikuwa maneno ya mtu yeyote wa nyumbani. Jioni moja hekaluni, mzee anayetusomea vitabu alifungua Kena Upanishad, kimoja cha vitabu vitakatifu vya Wahindu. Kisa chenyewe ni hiki. Miungu iliwashinda asura, maadui zao wa siku zote, vitani. Ushindi ulikuwa wa Brahman, ile nguvu iliyo nyuma ya kila kitu, lakini miungu ikajipongeza: ushindi ni wetu, sifa ni zetu. Mara kikatokea kiumbe wasichokijua. Wakamtuma Agni, mungu wa moto, akakiulize ni nani. Kiumbe kikamuuliza yeye kwanza: una uwezo gani? Agni akasema, naweza kuchoma chochote kilicho duniani. Kikamwekea jani moja la nyasi. Lichome. Akajitahidi kwa nguvu zake zote, jani likabaki kama lilivyo. Akatumwa Vayu, mungu wa upepo, anayejisifu kwamba hakuna asichoweza kukipeperusha. Jani halikusogea. Alipokwenda Indra mwenyewe, mkubwa wao, kiumbe kikatoweka, na pale pale akakuta amesimama Uma, binti wa Himalaya, ndiye aliyemwambia ushindi ule waliokuwa wakijivunia ulikuwa wa nani.

Mzee akaongeza mstari wa 27 kutoka sura ya 3 ya Bhagavad Gita, kitabu chetu cha mafundisho ya Krishna: kazi zote hutendwa na nguvu za maumbile, lakini aliyepumbazwa na umimi hudhani, "mtendaji ni mimi." Akafunga kitabu, akaomba maji ya kunywa.

Nilikaa pale nimenuna, nina hakika ananisema mimi. Njiani kurudi nyumbani nikawa nabishana naye kimoyomoyo. Mtendaji si mimi? Nani basi alisimama kwenye moto? Lakini ukishaanza kuuliza hivyo, swali halikuachi. Ladu zile ni za nani hasa? Bibi alizipata kwa mama yake. Dengu zimelimwa na mtu nisiyemjua. Na yule mama anayekoroga karai letu tangu siku ya kwanza, mwenye mkono mzito kuliko wangu, gazeti halikumtaja, na mimi katika hasira zangu zote sikuwahi kusema "wametuacha sisi wawili." Nilisema wameniacha mimi. (Nilitaka kumtaja hapa leo. Kanikataza, anasema hataki mambo ya mtandaoni.)

Msinielewe vibaya. Gazeti lilisema uongo na wifi aliuacha uongo ule usimame. Haki ilikuwa yangu, na ni yangu hata sasa.

Mwaka mpya wa Wagujarati huingia siku inayofuata Diwali. Watu hutembeleana na kuambiana Sal Mubarak, wadogo huwashika wakubwa miguu, na yaliyopita huombewa radhi. Kwa desturi, yeye ndiye wa kuja kwangu. Mimi ni mkubwa, mume wake nimembeba mgongoni. Ningeweza kukaa kwenye kochi langu na sinia ya pipi, nikamngoja, na ukoo mzima ungenipa haki.

Sikungoja. Swali likawa niende na nini mkononi. Ladu? Ladu ingekuwa ushahidi, siyo zawadi. Nikamkumbuka Sudama, ambaye Bibi alikuwa akimringia kama jirani yake, kwa kuwa Porbandar ndiyo inayohesabiwa kuwa mji wake na ina hekalu lake. Sudama alisoma pamoja na Krishna, mungu aliyezaliwa kama mtu, kwa mwalimu mmoja, Sandipani. Walipokua, Krishna akawa mtawala Dwarka, Sudama akabaki fukara. Mkewe akamsihi amwendee rafiki yake. Alichopata cha kubeba ni pepeta tu, konzi chache za kuomba kwa majirani, zimefungwa kwenye kitambaa kichakavu. Alipofika alionea aibu hata kukionyesha kile kifurushi. Krishna alishuka mbio, akamkumbatia, akamwosha miguu, kisha akampokonya pepeta zake na kuzitafuna kwa furaha.

Watu hupenda mwisho wa kisa hicho, Sudama anaporudi na kukuta kibanda chake kimekuwa jumba. Mimi napenda pale katikati: mwenye kasri ndiye aliyekimbia.

Basi nikakaanga chevda ya pepeta, ya kawaida kabisa, na njugu na majani ya mchuzi, nikaitia kwenye kopo, nikapanda ngazi za kwao.

Alifungua mwenyewe. Akaniangalia, nikamwangalia. Nikamwambia, "Wifi, nimekukumbuka. Sal Mubarak." Akasema karibu. Akaleta chai. Tukazungumza habari za watoto, za mvua, za bei ya samli. Mdogo wangu, mume wake, akawa anaingia na kutoka kama mtu anayetafuta miwani. Gazeti halikutajwa.

Hajaniomba radhi. Siku ile hakuomba na mpaka leo hajaomba. Mama amelitunza lile gazeti kwenye droo ya leso zake, na nikiliona roho hunipanda mpaka kooni. Ninayasema haya kwa sababu najua mtakwenda mkitegemea machozi na kukumbatiana. Huenda mkapata chai tu. Kunyweni.

Ushauri wangu basi ni huu: tangulia. Usingoje mwenzako akiri, kwa sababu unapongoja akiri unangoja ushindi, na ushindi hautakurudishia rafiki. Katika sura ya 13 ya Gita, Krishna anaeleza elimu ya kweli ni ipi. Haanzi na vitabu wala ibada. Anaanza na kutotaka kutukuzwa, na papo hapo anafuatisha kutojionyesha. Ona alivyotujua! Alijua mtu akiacha kiburi cha ukubwa atashika kiburi cha unyenyekevu. Ndiyo, najua, nami nimeandika makala nzima kuwatangazia kwamba nilitangulia. Narsinh Mehta, mshairi wa Gujarat wa karne ya 15, alitunga wimbo ambao Gandhi aliupenda kuliko nyimbo zote za ibada: mcha Mungu ni yule anayeyajua maumivu ya mwenzake, anayemsaidia aliye na dhiki bila kuingiza majivuno moyoni mwake. Sehemu ya kusaidia naiweza. Ile ya majivuno bado naifanyia kazi.

Ndugu zangu, jiulizeni mnakaa upande gani wa kitanda. Kabla ya vita vya Kurukshetra, vile vya ndugu kwa ndugu kugombea ufalme katika utenzi wa Mahabharata, mabinamu wawili wa pande hasimu, Duryodhana na Arjuna, walikwenda wote Dwarka kumwomba Krishna msaada, wakamkuta amelala. Duryodhana, aliyefika kwanza, akachagua kiti cha kichwani, pa heshima. Arjuna akasimama miguuni, viganja ameviunganisha kwa heshima. Krishna alipofumbua macho, aliyemwona kwanza ni wa miguuni. Akawapa chaguo: jeshi langu zima, au mimi peke yangu, bila silaha. Arjuna akamchagua yeye. Duryodhana akaondoka na jeshi, akijiona mjanja. Wengi wetu tukigombana tunachukua jeshi: wateja, mashine, mashahidi, ukoo upande wetu. Mimi nilichukua masufuria.

Tangulieni. Acheni kuhesabu nani alianza. Mume na mke, ndugu na ndugu, washirika wa biashara, umimi unawala vichwa na mnaupikia wenyewe.

Lakini kuna wanaoniuliza, je, huko si kujidhalilisha? Hapana, na mfano ni Krishna yuleyule. Alikwenda Hastinapura, makao ya Duryodhana, kama mjumbe wa amani. Mwenye uwezo wote ule akaenda kuomba, tena akaomba kidogo: Wapandava, yaani Arjuna na ndugu zake, watano kwa jumla, waliodhulumiwa ufalme, wapewe vijiji vitano tu. Duryodhana akakataa hata ardhi ya kutosha ncha ya sindano. Alikuwa amemwandalia karamu kubwa; Krishna hakuila, akaenda kula nyumbani kwa Vidura, mwana wa kijakazi aliyempenda. Kwenda alikwenda kwa upole wote. Kusema kwamba dhuluma ni haki, hakusema.

Kwa hiyo siku ya kwenda, dada yangu, nenda kwa rafiki yako. Usiende kwa mshirika wako. Habari za oda na fedha ziwekeeni siku nyingine, na awepo mtu wa tatu. Mimi na wifi sasa tunapika pamoja msimu wa Diwali peke yake. Kwenye maboksi hakuna jina langu wala lake, kuna la Bibi. Mauzo yanahesabiwa na binamu yetu ambaye hapendi peremende na hampendi yeyote kati yetu kupita mwenzake.

Mkataba tuliandikiwa na mwanasheria, ada tukalipa nusu kwa nusu. Wifi alitaka jina lake litangulie. Nikamwachia. Kwa alfabeti lingetangulia tu.