Faini ya ng'ombe kwa kukosa msiba: kosa la jinai hutoka wapi?

Swali: Shikamoo wakili. Mdogo wangu hakuhudhuria msiba wa jirani. Sungusungu wa kijiji wamemtoza ng'ombe mmoja, wanasema ametenda jinai kwa mujibu wa mila. Naomba kujua, sheria ya jinai inatoka wapi hasa: kwa wazee, kwa Bunge au kwa Waingereza? – Msomaji, Shinyanga

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la mdogo wako, maana ng'ombe akishauzwa ni kazi kumrudisha.

Mila haiwezi kuzaa kosa la jinai. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho, wakati alipokitenda, hakikuwa kosa chini ya sheria. Mila ina nafasi kwenye mambo ya madai kama urithi, ndoa na fidia. Kwenye jinai haina.

Kijiji chaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sura ya 287, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), lakini lazima ifikishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na ipate kibali cha halmashauri ya wilaya. Basi waombeni wawaonyeshe hiyo sheria ndogo. Hata ikiwapo, sungusungu wanaweza kukamata tu. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Wakishindwa kuwaonyesha, mdogo wako ana haki ya kumdai ng'ombe wake, na msichelewe.

Kuhusu Waingereza, wengi hujibu "ndiyo" na kuishia hapo. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu Uingereza yenyewe hadi leo haina kitabu kimoja cha makosa ya jinai kama chetu. Walipoichukua Tanganyika walileta kwanza Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ya awali iliongozwa na Mwingereza Thomas Macaulay. Mwaka 1930 wakaiondoa na kuweka nyingine yenye asili ya Queensland, Australia. Hiyo ya Queensland iliandikwa na Samuel Griffith, Jaji Mkuu wa huko, ikapitishwa 1899 na kuanza kutumika 1901. Naye alichota pia kwenye kanuni ya Italia ya 1889. Ilipitia Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904 kabla ya kufika Kenya, Uganda na kwetu. Kanuni ya Adhabu tunayotumia leo, Sura ya 16, ina tarehe ya 28 Septemba 1945, lakini mifupa yake ni hiyo ya Griffith.

Asili hiyo ya nje inaonekana mahakamani hata sasa. Wakili anapojenga hoja kwamba mshtakiwa wa mauaji hakujua alitendalo kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kipimo kinachotumika kilitokana na majibu ya majaji wa Uingereza mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumpiga risasi katibu wa Waziri Mkuu. Ndiyo maana utasikia hukumu za nje zikisomwa Mahakama Kuu. Hizo hushawishi tu. Zinazomfunga jaji ni za Mahakama yetu ya Rufani.

Tangu uhuru, Bunge limeongeza mengi: Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984, makosa ya kujamiiana yaliyoandikwa upya 1998 (kifungo cha miaka 30 kwa ubakaji kimetoka humo), makosa ya mtandao 2015. Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya makosa ya jinai, ya sasa ni Na. 6 ya 2018, kwa hiyo usichukue kifungu cha Bara ukakitumie Unguja.

Wakimpeleka mdogo wako mahakamani kwa jambo hili, someni kwanza hati ya mashtaka. Ni lazima itaje sheria na kifungu kinachodaiwa kuvunjwa. Kisipokuwapo, pingeni hati hiyo siku ileile anaposomewa, kabla hajajibu lolote.