Ukistaafu, Mtafute Rafiki wa Bwenini

Ukistaafu, simu huendelea kulia kwa muda. Mtu wa ofisini anauliza faili fulani iko wapi, mwingine anakutania kwamba siku hizi unaamka saa nne. Baada ya miezi michache hakuna anayeuliza. Sisi tuliokuwa serikalini tulishangilia umri wa kustaafu ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, lakini ofisi ni ile ile: kiti kinapata mtu, basi.

Kwa hivyo wanawake wenzangu hapa Nairobi wakiniuliza washike nini, siwaambii wafuge kuku. (Kuku wana hasara zao, tuyaache hayo kwa leo.) Nawaambia wamtafute msichana waliyesoma naye sekondari. Mmoja, au wawili, si darasa zima.

Darasa zima maana yake ni kikundi cha WhatsApp, na hivyo nimeviona. Mwanzoni ni picha za zamani na vicheko hadi usiku wa manane. Haupiti muda kimegeuka kamati ya mazishi: nambari ya Paybill ya kutuma pesa kwa simu juu, orodha ya waliotoa chini, na jina lako lisipoonekana kila mtu anajua. Kuchangiana ni utu, sikatai. Ila huko hakuna mazungumzo. Kaa humo ukipenda, zima mlio, halafu mpigie mmoja simu.

Mimi nilimpigia aliyekuwa jirani yangu wa kitanda. Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1978, shule ya bweni, kila mtu na sanduku lake la bati na kufuli. Ulikuwa bado mfumo wa 7-4-2-3, yaani miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, na mitatu ya chuo kikuu, kabla ya 8-4-4 kuanza 1985. Watoto wetu walitoka kidato cha nne wakaelekea chuo; sisi KCE, mtihani wa kidato cha nne, ilituchuja kwanza, wachache wakabaki kufanya KACE, ule wa kidato cha sita, miaka miwili baadaye. Madarasa yale ya mwisho yalikuwa madogo, na ndipo mtu alipokujua hadi ndoto zako.

Usitarajie mtakumbuka sawa. Siku ya jaribio la mapinduzi, tarehe 1 Agosti 1982, mimi naiona redio ya matroni wetu, muziki wa kijeshi kwenye VOK, redio ya taifa, kisha sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ikisoma tangazo aliloshurutishwa kulisoma. Mwenzangu anaapa tulikuwa tumeshafunga shule, na kwamba redio hiyo ilikuwa ya baba yangu. Hatujakubaliana hadi leo. Lakini katika kubishana ndipo tulipomkumbuka msichana aliyekuwa na kaka katika jeshi la anga, lile ambalo askari wake walijaribu kupindua serikali, jinsi alivyokaa muhula mzima bila barua kutoka kwake. Peke yangu nisingemkumbuka.

Sasa mambo ya kawaida. Msikutane hoteli za Westlands. Huenda pensheni ya mmoja wenu ni ndogo na hatasema. Sisi huenda Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, na chai yetu kwenye thamosi. Toka nyumbani asubuhi watu wakishaingia kazini, nauli ya matatu ikiwa imeshuka, na urudi kabla ya jamu ya jioni. Beba picha na penseli laini, muandike majina nyuma ya kila picha. Kalamu ya wino huchora alama hadi mbele. Habari za mume na watoto zisubiri. Atazitoa mwenyewe akitaka.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote ni hili: vikundi vya shule hupangwa kwa mwaka wa kumaliza, kwa hivyo asiyemaliza hayumo. Wakati wetu msichana akipata mimba alifunga sanduku akaenda nyumbani. Sera ya kumruhusu arudi shuleni ilikuja mwaka 1994, sisi tukiwa tayari ni mama wa watoto. Wengine waliondoka kwa sababu ya karo, na hakuna aliyewaaga. Mtafute na huyo. Asipotaka, mwache, ana sababu zake. Akikubali, usimuulize kwa nini aliondoka.

Wa kwetu aliondoka kidato cha pili. Tulimpata kupitia dada yake, na mwanzoni alijibu simu kwa ukali, akidhani tunataka mchango. Alipokuja Arboretum tulimwonyesha picha ya bweni ambayo tulikuwa tumeshindwa kujaza nusu ya majina. Alituambia yote, safu ya nyuma hadi ya mbele, na nani alilala kitanda cha juu. Siku hizi yeye ndiye anayepanga tarehe. Jumatatu hataki kabisa, kwa sababu siku hiyo ana mzigo wa mitumba soko la Gikomba.