Uliza Fundi: Ubingwa wa Ulaya 2021, gari lililozima lapu ya mwisho, na injini ya Patrol

Toleo lililopita nilichomekea mistari miwili tu kuhusu msimu wa 2021 wa European Le Mans Series, yale mashindano ya magari ya prototaipu ya Ulaya, nikasema ndo msimu ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kufuatilia, nikagusia Kubica, Mchina mwenzake na gari lao lililozima lapu (mzunguko) ya mwisho, nikaishia hapo. Sikujua nimejichongea. Meseji zimekuja mpaka za watu ambao kazi yao kila mwezi ni kuniuliza Passo inakula wese kiasi gani. Haya, leo tupumzike na Passo (ingawa itajitokeza huko mbele, subirini).

Fundi, mi naelewa rally na Formula 1, basi. Prototaipu ni gari gani? Na kwa nini madereva watatu gari moja, wanapokezana kama basi la Mwanza? — Dereva wa Noah, Morogoro

Kama basi la Mwanza kabisa kaka, umepatia. Kila mbio ni saa 4, gari halipumziki ila pale linapoingia piti kujaza mafuta, kubadili matairi na kubadili mtu. Mmoja anatoka jasho chapachapa, mwenzake anaingia, anafungwa mikanda, wanasepa.

Prototaipu ni gari lililojengwa kwa ajili ya mbio tu, huwezi kwenda shoorum ukalinunua ukaenda nalo harusini. Kwa macho lipo kama sahani iliyolazwa, matairi yamefunikwa na bodi, tofauti na Formula 1 ambako matairi yako nje. Kule Ulaya kuna madaraja mawili ya prototaipu, LMP2 ndo kubwa na LMP3 ni ya wanaojifunza na wenye bajeti ndogo, halafu nyuma yao kulikuwa na GTE, kina Ferrari na Porsche zinazofanana na za barabarani. Wote wako uwanjani kwa wakati mmoja! Kwa hiyo wa LMP2 muda wote anaovateki watu ambao wala hashindani nao, na hapo ndo ajali nyingi zinapozaliwa.

Mwaka 2021 zilikuwa mbio 6: Barcelona, Red Bull Ring kule Austria, Le Castellet, Monza, Spa, na kumalizia Portimão, Ureno. Mshindi wa mbio anapata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, inashuka hivyohivyo.

Nimesoma kwamba LMP2 wote wanatumia injini moja. Sasa ushindani uko wapi? Si bora warushe shilingi tu? — Dada wa Tanga

Dada yangu, hili swali nilikuwa nalisubiri kwa hamu.

Ni kweli. LMP2 wote wanafungiwa Gibson, V8 ya lita 4.2, nguvu zaidi ya farasi 500 kwenye gari ambalo uzito wake hata tani moja haifiki. Matairi kwa msimu ule ni Goodyear kwa wote. Bodi na chasi unaruhusiwa kuchagua, ila karibu kila mtu alichagua Oreca 07 kwa sababu ndo ilikuwa inakimbia. Kulikuwa na timu ya G-Drive inatumia gari linaitwa Aurus 01, nalo ukilifunua ni Oreca ileile imebandikwa nembo nyingine, kama Passo na Daihatsu Boon tu. (Si niliwaambia itajitokeza.)

Sasa magari yakishalingana, kinachobaki ni watu, na sheria yao kuhusu watu ni tamu sana. Madereva wamepangwa kwa madini: shaba, fedha, dhahabu na platinamu. Platinamu ni wale waliofika Formula 1 na viwango hivyo, shaba ni waungwana wanaokimbia kwa mapenzi yao, na kwa taarifa yako dereva wa shaba mara nyingi ndo mwenye fedha kuliko wote pale. Timu ya LMP2 hairuhusiwi kuweka mastaa watupu, lazima mmoja wao awe wa fedha au shaba, na lazima aendeshe muda wake uliopangwa, hamna kumficha kwenye gereji.

Kwa hiyo watu wanapiga kelele kuhusu yule staa, ila ubingwa unaamuliwa na yule mdogo. Mastaa wa timu zote wanatofautiana kwa vipande vya sekunde, lakini ukiwa na kijana kwenye karatasi kaandikwa fedha halafu mguu wake ni wa dhahabu, hapo umewaua wenzako mchana kweupe. Mwaka 2021 Team WRT, Wabelgiji, walimpata kijana wa hivyo. Anaitwa Yifei Ye, Mchina wa Xiamen, alikuwa na miaka 20 msimu unaanza. Wakamweka na Louis Delétraz wa Uswisi na Robert Kubica wa Poland kwenye gari namba 41. WRT wenyewe walikuwa wageni wa LMP2, walizoea kukimbiza Audi za GT3 (magari ya mbio yanayofanana na ya barabarani) na wameshachukua saa 24 za Spa na za Nürburgring, sa ukizoea mbio za saa 24 piti yako inakuwa haina utani, hata gari liwe jipya kwako. Wakaja Barcelona mbio ya kwanza ya msimu, wakashinda. Wakaenda Austria, wakashinda tena. Hapo ndo nikaacha kutazama mbio zingine.

Huyo Kubica si ndiye aliumia mkono kwenye rally? Anaendeshaje? — Bwana mmoja wa Mombasa, shabiki wa Safari Rally

Ndiye huyohuyo bwana. 2008 alishinda Grand Prix ya Kanada na BMW Sauber, watu wakawa wanamwona bingwa wa dunia wa kesho. Februari 2011 akaenda kujifurahisha kwenye karali kadogo Italia, Ronde di Andora, na Skoda Fabia. Gari likaparamia kingo za chuma za barabarani, chuma kikapenya mpaka ndani kwa dereva. Mkono wa kulia nusura ukatwe wote, madaktari wakapambana masaa mpaka wakauokoa, lakini haujarudi kuwa mkono ule.

Mtu mwingine angefungua baa. Yeye akarudi kwenye mchezo huohuo wa rally uliomvunja, 2013 akawa bingwa wa dunia wa WRC2, daraja la pili la rally ya dunia (WRC), na 2019 akarudi Formula 1 na Williams, gari bovu kweli lile, na pointi pekee ya timu mwaka mzima aliileta yeye. Kazi kubwa anaifanya kwa mkono wa kushoto. Mi gari langu nikitoka tu parking kwa mkono mmoja mke wangu anaanza kusali.

Na kwa ajili yako wa Safari Rally, 2021 hiyohiyo mwezi Juni ndo WRC ilirudi Naivasha baada ya kupotea tangu 2002, Ogier akashinda. Kwa hiyo mwaka ule wapenda magari tulishiba pande zote.

Fundi mie niko Muscat, hapa Patrol ndo gari. Kuna mtu kaniambia injini yake inatumika kwenye hizo mbio. Uongo? — Kijana wa Muscat, asili Unguja

Si uongo, ni LMP3. Zile mpaka 2024 zilifungwa Nissan V8 ya lita 5.6, ukoo wa VK56, na hiyo ndiyo nasaba ya V8 ya Patrol lako. Ya mbio ilichezewa, ilikuwa inatoa farasi kama 455. Usije ukamwambia fundi wa mtaani akuchezee na lako.

Halafu hujaniuliza ila nakwambia, mdogo wa mashindano haya ya Ulaya, yaani Asian Le Mans Series, mwaka ule sababu ya korona aliangukia huko kwenu Ghuba. Mbio zote nne zilikimbizwa Februari 2021, mbili Dubai mbili Abu Dhabi. Na nani alibeba ubingwa wa LMP2? Yifei Ye tena, safari hiyo na G-Drive, pamoja na René Binder na Ferdinand Habsburg. Huyu Habsburg ni wa ukoo wenyewe wa makaizari, kitukuu cha kaizari wa mwisho wa Austria. Mshikeni huyo, anarudi kwenye jibu linalofuata.

Hiyo ya kuzima lapu ya mwisho ilikuwaje? Umeitaja ukaiacha, si vizuri. — Mwalimu, Arusha

Samahani mwalimu. Ile haikuwa mbio ya ligi ya Ulaya, ilikuwa saa 24 za Le Mans, Agosti 2021, katikati ya msimu. WRT walipeleka magari mawili, 41 ya kina Kubica na 31 ya Robin Frijns, Charles Milesi na yule kitukuu wa kaizari. Gari 41 linaongoza LMP2, saa ya 24 inaisha, wamebakiza lapu moja tu, moja! Usukani kashika Ye. Gari likazima. Shoti kwenye sensa ya throtoli, kidude ambacho ukikishika mkononi unakasirika. Likasimama pembeni pale, dogo ndani, na kule piti kamera zikawa zinawamulika wenzake, aisee mi niliangalia pembeni.

Lakini gari 31 la timu hiyohiyo lilikuwa nyuma yao, na mgongoni kwake kuna gari namba 28 la timu ya Jota linakuja kama limefukuzwa. Frijns akamaliza mbele kwa sekunde 0.727 baada ya saa 24, tena wote wawili nusura wamgonge mshika bendera aliyekuwa kasimama barabarani. Kwa hiyo ndani ya gereji moja kuna wanaolia kwa furaha na wanaolia kweli.

Septemba, hata mwezi haujatimia, Spa. Ubelgiji, nyumbani kwa timu. Gari 41, madereva walewale watatu. Wakashinda, na ubingwa wa Ulaya wakaufunga hapohapo, Portimão wakaenda tu kutimiza ratiba. Ndo maana naupenda msimu ule.

Sisi Afrika Mashariki lini? — Msomaji, Kampala

Tuwe kwanza na uwanja wa lami wa kiwango hicho. Afrika kuna uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, huko magari ya GT3 ya kimataifa yalikuwa yakifika kwa mbio ya saa 9, mpaka 2023. Sisi kwetu ni vumbi, na vumbi tunaliweza.

Yule Mchina aliishia wapi? Au ndo alikata tamaa? — Mama Junior, Dodoma

Mama Junior, Juni 2025, Le Mans, safari hii daraja la juu kabisa, Hypercar, Ferrari ya njano namba 83 ya timu ya AF Corse. Madereva: Phil Hanson, Yifei Ye, na Robert Kubica. Wakashinda mbio nzima. Mchina wa kwanza na Mpoland wa kwanza kuishinda Le Mans. Lapu za mwisho aliyekuwa kwenye usukani ni Kubica, na gari halikuzima.

Maswali ya gearbox ya Noah nimeyaona yote saba, toleo lijalo.